Futi Shingoni

Miaka kumi na tisa futi imening'inia shingoni mwangu,
na nyonga za nusu ya Kigogo nazijua kwa inchi:
mke wa muuza mkaa, arobaini na nne,
bibi harusi wa Jumamosi, thelathini na nane, anadai arobaini,
"Niachie nafasi, fundi, zitakuja."
Zangu sikuwahi kuzipima.
Nilizikalia tu, tangu adhana ya alfajiri mpaka umeme ukatike,
mguu kwenye pedali, mgongo kama ndoano.

Siku mgongo ulipokataa kunyooka
binti wa hospitali alinilaza kifudifudi,
akanibonyeza kwa kidole gumba, akasema bila kucheka:
"Mama, mgongo wako hauna kosa.
Unafanya kazi ya makalio. Yenyewe yamelala."
Nikacheka mimi. Yamelala?
Na mzigo wote huu?

Basi nikaenda kwa Mwinchande,
nyuma ya gereji, chini ya mabati manne.
Hapana kioo, hapana feni.
Chuma chenyewe ni ekseli ya Fuso,
na uzito ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege,
kilo zimeandikwa kwa chaki, jasho linazifuta.
Vijana wakasogea kunipisha
kama watu wanavyompisha mgonjwa.

"Chuchumaa," akasema, "kama uko choo cha shimo."
Hilo nalijua tangu kuzaliwa.
"Sasa inuka kwa kisigino. Mgongo uache.
Sukuma dunia iende chini."
Dunia haikwenda.
Mara ya sita magoti yakacheza kama sindano iliyolegea,
na usiku ule nilikwenda haja nikishika ukuta.

Mtaani wakasema nimepata bwana.
Wakasema nimepata bwana mdogo.
Tausi wa vipodozi akanivuta pembeni, akafungua kiganja:
"Fundi, unajitesea nini? Hii ya Kichina,
unapaka usiku, wiki tatu tu."
Elfu thelathini.
Nikamwambia, nyama ya kupaka haibebi ndoo.

Lala chali. Kunja magoti. Inua nyonga.
Bana, hesabu tatu,
shusha polepole kama unalaza mtoto aliyesumbua.
"Bana!" Mwinchande akipaza sauti
gereji nzima inabana,
hata fundi wa breki aliye chini ya gari.
Mwezi wa kwanza ekseli tupu.
Wa pili ekseli tupu.
Wa tatu, kopo moja huku, moja kule,
na kijana mmoja akasahau kunipisha.
Nilifurahi siku nzima.

Kisha masika. Saa nane usiku
maji yakaingia bila hodi,
yakafika kwenye miguu ya cherehani,
ile nzito ya kukanyaga, ya marehemu mama.
Mwanangu yuko Morogoro.
Majirani wana maji yao.
Nikachuchumaa ndani ya tope, nikaikumbatia,
kifua mbele, visigino chini,
na kule nyuma, kulikolala miaka yote,
kukaitika.
Mgongo sikuusikia.
Nilisikia maji tu, yakichuruzika kutoka kwenye chuma
juu ya meza ya kukatia.
Nikakaa kitandani nikitetemeka,
sijui baridi, sijui kicheko.

Asubuhi nikafungua mlango tope likauke.
Nikavua futi, nikajizungushia.
Arobaini na moja.
Namba ya zamani ya kulinganishia sina.
Nikaiandika hata hivyo kwenye daftari la wateja,
chini ya bibi harusi: Mwanaheri, nyonga, 41.
Kwenye safu ya baki
nikapiga mstari.