Geuza Ndani Nje

Nilikuwa na gauni moja tu.
Sampuli. Nililishona mwenyewe Bombo, usiku,
umeme ukija na kuondoka kama mgeni asiyeaga:
pamba ya rangi ya udongo wa kichuguu,
marinda saba kiunoni, mifuko miwili ya kweli,
inayomeza mkono hadi kifundo,
si ile ya kudanganyia jicho.
Na lebo mia tatu nilikwisha kuzichapisha
kabla nguo hazijakuwepo,
kama mtu aliyempa mtoto jina kabla hajaposwa.

Nikateremka Kampala kutafuta mikono.

Wa kwanza, ghorofa ya nne, Kiyembe.
Makochi ya ngozi, chai ya tangawizi, feni ya kimya.
Mia tatu? Wiki mbili.
Elfu moja, je? Wiki mbili.
Kila swali langu lilikuta ndiyo imekaa mlangoni, imevaa viatu.
Nikasema, basi nizione mashine.
Mashine zipo Namanve.
Twende Namanve.
Ufunguo anao mdogo wangu, na mdogo wangu yuko Gulu msibani.
Marehemu yule, nadhani, hadi leo hajazikwa.

Wa pili, Katwe, bei nusu.
Cherehani zilikuwepo, nilizihesabu, kumi na mbili,
zikipiga kelele za uhai.
Nikachukua shati mezani, nikavuta mshono kwa vidole viwili:
ukacheka, meno yote nje.
Nikauliza, jora moja hutoa magauni mangapi?
Kumi na sita, dada.
Hesabu yangu ilisema ishirini na mawili.
Nje, watoto wa uchochoro mzima
walikuwa wamevaa kaptula za maua yaleyale,
maua ya mteja fulani
anayeambiwa hadi leo kwamba kitambaa kilikuwa kifupi.

Wa tatu sikuelekezwa na bango.
Ndeeba, nyuma ya wauza mbao,
vumbi la msumeno likianguka juu ya turubai.
Perpetua Adong, cherehani nane, kalamu sikioni.
Hakulitazama gauni usoni.
Aligeuza ndani nje kabla hata ya kunikaribisha,
akatembeza kidole gumba njia yote ya bitana,
akasimama kwapani.
"Nani kashona hapa?"
"Mimi."
"Ulikuwa na haraka."

Kweli. Umeme ulikuwa unaelekea kukatika.

"Mia tatu siwezi. Arobaini, wiki tano.
Sare za shule zinanimeza.
Kitambaa kifuliwe kwanza, kisinyae kinavyotaka,
ndipo nikate.
Vifungo unaleta wewe? Ukichelewa, siku zangu hazijaanza."
Akaandika yote katika daftari la mistari,
nusu ya arbuni, tarehe, saini yangu, saini yake.
Chai hakunipa.

Nilirudi Bombo nimenuna.
Siku mbili nzima nilitamani yale makochi ya ngozi.
Hapana ya mtu mwenye cherehani nane
huuma kuliko ndiyo ya mtu asiye nayo hata moja.
Siku ya tatu nikapeleka jora.

Wiki ya nne simu ililia kabla sijapiga mimi:
"Ovaloki imevunjika. Itakuwa wiki sita."
Nikatukana, simu ikiwa imekwisha kukatwa.

Wiki ya sita, thelathini na tisa yamefungwa kwa kamba ya katani,
na kando mfuko wa masalio,
vipande hadi vile vya upana wa kidole.
Gauni la arobaini lilikuwa peke yake, ndani ya gazeti,
na karatasi imebanwa kwa pini:

*Hili usiuze. Rinda la nne limelala upande usio wake.
Nimemwonyesha msichana aliyekosea. Sikulipishi.*

Nililitazama nusu saa. Bila ile karatasi nisingeliona.

Ndilo nililovaa leo.
Lebo mia mbili na sitini bado zimo kopoani.
Mkono wa kulia, chini kabisa mfukoni,
unashika kipande cha chaki
ambacho hakuna aliyekumbuka kukitoa.