Hatua Ishirini Nyuma

Umeme ulikatika Rau saa mbili na robo,
katikati ya zoezi la lenzi,
nikawatoa Kidato cha Tatu uwanjani, na blanketi zao za bweni.
Mlima haukuonekana. Tuliujua kwa pengo tu,
pale nyota zilipokoma ghafla
kama ukingo wa kitambaa kilichochanwa.

Juu yake, Kilimia.
Hicho wanakijua, bibi zao walipandia mbegu kwa saa yake.
"Sasa sogeeni kushoto, upana wa ngumi mbili.
Mnaona nini?"
"Giza, mwalimu."
"Hapo hapo."

Pana nyota pale. Ndogo, nyekundu,
haina jina, ina namba ndefu kama tokeni ya Luku.
Changa: kwa umri wa nyota bado ina chunusi,
hasira zikiipanda hulipuka, hurusha miali, hutulia,
kama Godlisten wa meza ya nyuma.
(Wakacheka. Godlisten akacheka wa mwisho.)
Inawaka kwa kubana matumizi,
kaa moja chini ya majivu,
na itakuwa ingali inawaka siku ambayo jua letu
limeshazolewa jikoni.

Na ina sayari.

Mbali. Mbali hivi kwamba mwanga,
ambao kwetu hutoka juani na kufika kabla chai haijapoa,
kule husafiri siku thelathini na tano
kama barua za zamani kutoka Tunduma,
na ukifika umechakaa, hauyeyushi hata tone.
Desemba yake huja mara moja kwa miaka milioni.
Wala haioti moto wa nyota yake.
Ina joto lake la kuzaliwa,
kama figa lililoachwa usiku
na asubuhi paka bado analilalia.

Haikaeli akauliza gizani:
"Ikiwa mbali hivyo, walijuaje ni ya nyota ile?
Labda ni mpita njia."

Jibu liko kitabuni, nikalitoa kama lilivyo:
picha mbili, moja ya zamani, moja ya majuzi.
Nyota nyingine zimebaki palepale au zimekwenda zao.
Hizi mbili zimesogea upande uleule, kwa kiasi kilekile.
Nikawachorea hewani kwa kidole,
kidole ambacho hawakukiona.

Sikuwaambia habari za Kiboriloni siku ya soko,
mama mbele na mkungu wa mshare kichwani,
Aminieli nyuma, hatua ishirini, kanuna,
viatu mkononi, anajifanya hana mtu.
Mama hakugeuka.
Kati yao walipita mbuzi, mikokoteni, harusi nzima na tarumbeta,
na bado muuza chumvi alipaza sauti:
"We mama, mwanao huyu anakokota mguu!"
Alijuaje? Hakuwa mtu wa huku.
Ila mama alipokata kona,
kona ilikatwa mara mbili.

Hii ni Desemba ya kumi na moja.
Mabasi yatashusha watu na mabegi mpaka mkesha,
sisi hatutakwenda stendi kumpokea mtu.
Lakini dereva mmoja wa malori alinisimulia,
bila kujua anamsimulia nani,
kuhusu Mchaga mmoja kule mpakani, mbishi,
kapanda migomba kwenye udongo usioitaka,
anaibebea maji kwa ndoo, jirani zake wanamcheka.
Mwezi gani? nikauliza.
Mwezi wa tatu, mwanzoni.

Mwezi wa tatu, mwanzoni,
mama alikuwa kihambani na jembe,
miaka sabini na miwili, hataki kusaidiwa,
anachimba mashimo ya migomba mipya.
Hawajaongea tangu msiba wa baba.

Umeme ukarudi. Bweni zima likapiga kelele,
blanketi zikakimbia.
Haikaeli alibaki, shingo kaikunja nyuma,
anapaangalia pale pasipo na kitu
kama mtu anayesubiri kitu kikate kona.