Penseli Fupi

Tsotne ana miaka saba, na herufi zake
huporomoka chini ya mstari kama mawe ya mgodi,
moja huku, jingine kule, jingine halionekani tena.
Mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: Mvivu.
Neno lenyewe halisomeki vizuri,
lakini nani atamsahihisha mwalimu?

Mama yake akanigongea mlango, ghorofa ya nne,
saa mbili usiku, kofia ya mgodi kichwani.
"Mzevinar, wewe ulikuwa na subira na mashine."
Kweli. Miaka thelathini na mmoja nilivusha watu
juu ya korongo la Chiatura ndani ya kigari cha waya,
sikumwangusha hata mmoja.
Lakini mtoto hana kitufe cha kusimamisha.

Siku ya kwanza sikufungua daftari.
Nilimtazama tu.
Kaishika penseli kwa ngumi, kama sepetu.
Miguu inaning'inia kitini, haina pa kukanyaga,
bega limepanda hadi sikioni,
ulimi umetoka nje kusaidia kazi.
Nikasema moyoni: huyu haandiki, huyu kabeba mzigo.

Nikasukuma kreti la chupa za mvinyo chini ya nyayo zake.
Nikaichukua penseli yake mpya, nikaivunja.
Akalia.
Nikampa kipande, urefu wa kidole changu cha mwisho:
hapo ngumi haipati pa kukaa,
vidole vitatu tu vyatosha,
kama unavyookota chumvi.

Jumatano tukapika hinkali,
unga juu ya nyama, pindo baada ya pindo,
bana, zungusha, bana tena.
Yangu mapindo kumi na tisa. Yake sita,
na mchuzi wote ukavujia sufuriani.
Tukala hivyo hivyo.
Dirisha likawa limejaa mvuke, akaandika humo kwa kidole,
amesimama, mkono wote ukitembea kutoka begani,
na jina lake likatiririka machozi hadi kwenye kizingiti.

Wasema samaki mkunje angali mbichi.
Nami nilikunjwa: rula juu ya vifundo,
mkono wa kushoto ukafungwa kwa leso
mpaka ukasahau kwamba uliwahi kutaka.
Hata leo nikitia sahihi, vifundo hujikaza vyenyewe.
Kidole si samaki.

Basi nikamchorea ninachokijua, mistari minne.
Huu wa juu ni mlima. Huu wa chini ni mto.
Hii ya katikati ni nyaya.
An hubaki kati ya nyaya, hana safari.
Ban hupanda mlimani.
Gan huteremka, mguu ukagusa maji.
Kila mmoja ana kituo chake, Tsotne,
usimshushe abiria njiani.
"Na dereva nani?"
Nikamwekea kile kipande cha penseli kiganjani.

Wiki sita. Si muujiza.
Kuna siku alikirusha chini ya kabati
akasema mkono wake umekufa.
Sikubishana na msiba. Nikampa viazi, akamenya,
na maganda yake, niliona, yalikuwa marefu, hayakatiki.

Jana mama yake karudi kutoka zamu ya usiku
akakuta karatasi imeegemezwa kwenye kikopo cha chumvi:
Nimekula. Nimelisha paka. Usiniamshe.
Akasoma amesimama, buti miguuni.
Akasoma tena.
Na kwa mara ya kwanza hakwenda kitandani kumtikisa,
mwanangu, hapa umeandika nini?

Akaniletea mimi, alfajiri, karatasi mkononi.
Herufi moja ilikuwa imepitiliza kituo,
imezama mtoni hadi kiunoni.
"Utamrekebisha hii?"
Nikaishika karibu na taa, nikaitazama sana.
Iache, nikasema. Inaoga.