Sifuri

Kiingilio pale kilimani Greenwich kilikuwa bei ya kilo mbili za nyama,
kwa hiyo mimi na Sauda tulizunguka nje,
tukaufuata ukuta hadi penye kipande cha mstari
ambacho hakikufungiwa geti.
Shaba, nyembamba kuliko mkanda wa shule.
"Hapa," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma kijitabu ndani ya basi,
"ndipo dunia inapoanza kuhesabiwa.
Mguu huu mashariki, huu magharibi.
Korogwe ni digrii thelathini na nane na nusu, kule,"
nikanyoosha kidole. Kikaangukia kibanda cha aiskrimu.

Sauda ana miaka tisa
na haamini kitu hadi akiguse mara mbili.
Akachomoa simu mfukoni mwangu, akaisubiri itulie,
akakunja uso:
"Baba, hapa si sifuri."

Nilidhani simu imeharibika. Haikuharibika.
Akaniongoza mashariki, macho kiooni,
akihesabu hatua kwa sauti, akikosea, akirudia themanini,
tukapita bibi na mbwa wake, tukapita wawili waliolaliana nyasini,
hata namba zikaisha zote.
Sifuri. Sifuri. Sifuri.
Palikuwa na pipa la taka,
na kindi juu yake amekumbatia kipande cha chipsi
kwa mikono miwili, kama mtu anayesoma barua.

Basi nikaanza kumweleza, huku nikijieleza mwenyewe.
Amkumbuke ami yake Mbwana, anavyoshusha timazi
kabla ya kupandisha ukuta.
Wale wa zamani nao waliitafuta wima hivyo hivyo
ndipo wakazisoma nyota.
Ila uzito wa ardhi haujagawanywa sawa,
huvuta kidogo huku, kidogo kule;
wima yao ikaenda upande, unywele tu,
na unywele huo, ukiufikisha mbinguni na kuurudisha,
ni mita mia moja na mbili za majani.
"Kwa hiyo walikosea?"
Hawakukosea. Ukuta wao umesimama.
"Lakini sifuri iko kwenye pipa."
Iko kwenye pipa, mwanangu, ndiyo.

Mimi nina kesi yangu nyingine, na saa.
Miaka kumi na mmoja nasafisha wodi usiku, Lewisham,
na bado mshale ukionyesha moja mdomo wangu husema saba.
Kwetu saa moja ni jua kutoka, hakuna wa kubishana naye.
Huku, Juni, linachomoza saa kumi na moja kasorobo,
wagonjwa wangu hata hawajapata usingizi;
Desemba linachungulia saa mbili, limejifunika,
kama karani aliyechelewa na hataki kuulizwa.
Dunia imeinama, nilimwambia Sauda,
kama jirani aliyetega sikio mlangoni.
Akauliza inasikiliza nini.
Hilo sikulisoma popote.

Mara juu ya paa lile tufe jekundu likaanza kupanda mlingoti,
nusu, likatulia, likafika kileleni.
Zamani manahodha waliokuwa mtoni walilitazama
wakarekebisha saa zao kabla ya kung'oa nanga.
Likashuka. Watu wakapiga makofi, wengine walikuwa wakijipiga picha, likawapita.
"Saa saba," nikasema.
"Saa moja," akasema Sauda, aliyezaliwa hapa.
"Na kwa nini si saa sita, adhuhuri kabisa?"
Kwa sababu adhuhuri wenyewe walikuwa kazini,
wanalipima jua. Mtu hawezi kupima na kutangaza kwa pamoja.
Jibu hilo alilipenda. Alilirudia hadi kituoni.

Jioni dada Mwanahawa akapiga simu.
Kwao usiku umeshaingia, kwetu jua bado lingali dirishani,
akalalamika, kama kawaida yake, kwamba tunalificha.
"Haya, hiyo sifuri mmeiona? Ikoje?"
Sauda akaninyang'anya simu.
"Shangazi," akasema, "ina kindi."