Mawasiliano Binafsi

Fomu ya uzamili ina kisanduku kimoja tu cha kitivo.
Nilikiacha wazi. Karani akakigonga kwa kidole:
"Dada, hewa ni ya wapi? Fizikia ama Kemia?"
Nikachungulia dirishani. Nyiragongo ilikuwa inafuka,
moshi wake ukienda zake Sake
bila kadi ya mwanafunzi.
Nikaandika Fizikia. Kwa penseli.

Muhula wa kwanza, milinganyo ya mwendo wa hewa.
Muhula wa pili nikapelekwa hospitali kujifunza mapafu
na wauguzi walioniita Mwalimu wa Mawingu.
Nimeshika mapafu ya mbuzi, mepesi mno
kwa kitu chenye kazi nyingi hivyo.
Nimekinga mvua ya Mugunga kwenye vidumu vya mafuta,
uchachu wake ukakaribia wa nyanya.
Mabati ya Mama Kavira yalikwisha kusema hayo,
tundu kwa tundu, juu ya kitanda.

Kisha mazuku.
Gesi nzito kuliko hewa, haina rangi, haina harufu,
inatuama mashimoni mwa mawe meusi.
Nilikuwa na kipimo cha kuazima, dola elfu mbili,
nikitembea nacho kama nimebeba yai.

Bauma alisimamisha chukudu lake lenye magunia ya makaa,
akawasha sigara, hakuvuta,
akaiteremsha polepole kando ya mguu.
"Leo inazimikia gotini. Jana, kwenye kifundo.
Upepo ukilala, inapanda. Jua likichoma, inashuka.
Ukiangusha kitu hapa, kiache."

Kipimo changu kikalia gotini.

"Nani alikufundisha?"
"Mbuzi," akasema. "Watatu."
Akafunga upya kamba ya gunia ambayo haikuwa imelegea.
"Na mdogo wangu, Asifiwe."

Profesa Nsimire alizungushia wino mwekundu
sentensi ya ukurasa wa arobaini na moja:
*marejeo yako wapi?*
Hakuna kitabu, nikamwambia. Kuna mtu wa chukudu.
Alinyamaza kidogo, akavua miwani.
"Basi andika alivyosema, siku na saa.
Mawasiliano binafsi. Inakubalika."

(Bauma, barabara ya Sake, saa kumi na mbili asubuhi,
mawasiliano binafsi.)

Goti nimeliweka kwenye jedwali, sentimita hamsini na mbili.
Mbuzi wako kwenye tanbihi.
Asifiwe bado.
Sijui anaingia safu ipi.