Kiti Kilichovutwa Mbele

Barua imekuja na picha ya gari langu,
picha ya mgongo: taa mbili nyekundu,
kibao cha namba, na ule mkwaruzo wa bampa
nilioupata nikirudi nyuma pale Marikiti.
Barabara ya Dongo Kundu, Jumapili,
saa kumi na mbili kasoro dakika nne, alfajiri,
kilomita tisini na nne mahali pa hamsini.
Ulipe elfu kumi, au uje ujieleze.

Gari ni langu. Hilo silibishi.
Mkwaruzo wangu, mkopo wangu.
Lakini saa hiyo nilikuwa nimelala,
na usingizi wangu hauna shahidi
ila mke wangu, naye asema
hapandi kizimbani kueleza mikoromo.

Basi nani? Ufunguo hutundikwa msumarini
kando ya mlango, nyumba nzima yaujua.
Kaka yangu Mselem akaapa;
Mselem huapa hata juu ya bei ya pweza.
Fundi Mwinyikai akacheka mpaka akaweka spana chini:
"Probox ile? Tisini na nne?
Ukimpata huyo dereva nipe nimshike mkono."
Mwanangu Lali, miaka kumi na tisa:
"Baba, ningekuwa mimi ingesoma mia na ishirini."
Jibu la utovu wa adabu, lakini nililiamini.

Kituoni karani hakuinua kichwa.
"Mwenye gari ndiye dereva
mpaka atuletee dereva mwingine."
Nikamwambia: mwenye kisu
si lazima awe ndiye aliyechinja.
Akapiga muhuri. Siku kumi na nne.

Nikarudi, nikafungua mlango wa gari niketi nifikiri,
na magoti yakagonga usukani.

Kiti kimevutwa mbele, mbele kabisa.
Kioo kimeinamishwa.
Redio, nilipowasha ufunguo, ikapaza kisomo
kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri sikio la kushoto.
Na penye gia, limekunjwa mara nne,
karatasi la pipi ya tangawizi,
ile ya kikohozi.

Mamangu ana miaka sabini na tatu.
Leseni yake ni kile kijitabu chekundu cha zamani;
pichani ana wanja, na kidevu amekiinua.
Marehemu baba ndiye aliyemfunza, uwanjani Makadara,
na alipoona anafunzika kuliko alivyotaka
akauza gari.
Tokea hapo hupandishwa, hushushwa,
hufungwa mkanda kama kifurushi cha kwenda Lamu.

Nilimkuta uani anapepeta mchele.
"Mama, Jumapili alfajiri ulikuwa wapi?"
"Nalikuwa naswali."
"Na baada ya swala?"
Ungo ukapanda, ukashuka. Akatoa kijiwe, akakitupa.
"Ile barabara mpya imenyooka, mwanangu.
Imenyooka mpaka mtu atamani kulia.
Na kando yangu hapana wa kunambia polepole."

Usiku nikaandika:
Kwa Mheshimiwa Hakimu. Nakana shtaka.
Picha ina gari, haina uso.
Dereva hajulikani.

Nikalisoma tena neno lile, kalamu mkononi,
nikitaka kulifuta kwa kuogopa dhambi.
Miaka arubaini na minane nimekula mkononi mwake.
Najua chumvi yake, vidonge vyake vya presha,
saa anayolala, mlango anaohofia kuufunga.
Huyu wa tisini na nne
sijawahi kuonana naye.
Nikaliacha neno, nikatia sahihi.

Asubuhi aliiomba ile picha.
Akavaa miwani, akaisogeza, akaiweka mbali,
akaigeuza nyuma kama kuna kilichobaki.
"Elfu kumi," akasema,
"na sura yangu hawakunitoa?"