Kilo Saba

Ramani nimeitandaza mezani.
Kona moja nimeikandamiza kwa chupa ya asali,
ya pili kwa daftari la mahudhurio nililosahau kulirudisha shule,
ya tatu kwa kiazi. Ya nne imegoma,
na kila ikijikunja inaimeza Hanoi.

Mihambo, mtoto wa dada yangu, fundi pikipiki wa Isevya,
anayenuka petroli hata akitoka kuoga,
anataka milima: ile barabara ya kaskazini
iliyosokoteka, anasema, kama utumbo wa mbuzi.
"Mama mdogo, siku tatu. Mimi naendesha,
wewe shika mkanda wangu usali."
Nina miaka sitini na mmoja; nyonga ya kushoto ina maoni yake.
Nimeandika 3, nimefuta, nimeandika 2.
Nimekwenda kuepua maharage, nimerudi,
mbili imeota tumbo, imekuwa tatu.

Mimi nataka mto.
Miaka thelathini na minne nimeuchora ubaoni kwa chaki ya buluu,
Mekong, ukishuka, ukitanuka, ukijigawa vidole kabla ya bahari,
na kila mwaka hakosekani mmoja wa dawati la nyuma:
"Mwalimu, wewe umeshafika?"
"Fungueni ukurasa wa arobaini."

Milima yake iko juu, mto wangu uko chini,
katikati nchi nzima imelala kama chatu aliyeshiba.
"Tupande treni," nikasema. Akaguna. Siku moja na nusu!
Mtu wa Tabora wewe, umezaliwa honi ikilia,
leo unatishwa na behewa?
Lakini wiki ni wiki. Ameshinda yeye: tutaruka.

Fedha ipo. Wameiita kiinua mgongo,
nami usiku nimejiuliza, mgongo wa nani.

Ndege ya ndani kule inaruhusu kilo saba, basi.
Tumeupeleka mkoba sokoni, kwenye mizani ya asali ya Nyanzala:
kilo tisa na robo.
Nimetoa viatu vya kanisani.
Nimetoa pasi.
("Pasi, mama mdogo? Pasi?")
Nimebaki na koti la mvua, la mtumba,
na nikiwa nimelishika, neno lenyewe likanishika.

Mtumba.
Ndio aliobeba Kasanda, babu yake bibi yangu,
zaidi ya kilo thelathini begani, pembe za watu wengine,
kutoka hapa hadi pwani kwa miguu, miezi mitatu.
Sisi tunasema kufunga safari; yeye aliifunga kweli,
kwa kamba ya gome la mti,
na hakuna aliyemuuliza siku ya nne
angependa kuona nini.

Bibi alirithi jambo moja tu la safari ile:
kwamba alipofika alitua mzigo,
akachota bahari kwa kiganja, akaonja, akatema,
akacheka mpaka mnyapara akaja na fimbo:
"Maji yote haya, na mpishi kazidisha chumvi!"

Miezi mitatu ya mwenye mali.
Kiganja kimoja, chake.

Usiku Mihambo ameshika kalamu.
"Siku ya nne hujaijaza."
"Najua."
"Tuweke mapango? Unashuka kwa kamba, taa kichwani..."
"Iache hivyo hivyo."
Amenitazama kama injini inayokohoa bila sababu,
kisha ameichorea duara,
na ndani ya duara hakuandika kitu.

Kona ya nne imejikunja tena. Tumeiacha.

Mkoba sasa una kilo sita na gramu mia nane.
Zimebaki mia mbili. Yeye anasema spana.
Mimi bado nafikiri.